Kigego wa Kilindi na Kalibu za Hadithi Zetu

Mtoto wa nchi hii humjua fisi kabla hajamwona. Hata hajapelekwa shule amekwisha kufahamu kwamba Fisi ni mlafi asiye na akili, kwamba Sungura ni mjanja, kwamba mama wa kambo hana huruma, na kwamba bibi kizee akaaye peke yake mwisho wa kijiji, macho mekundu, ni mtu wa kukimbiwa. Hakuna mwalimu aliyemwandikia somo hilo ubaoni. Amelipata jioni, jikoni au barazani, kutoka kwa watu wanaompenda, na kwa sababu hiyo halimtoki.

Wahakiki wa fasihi huwaita watu wa namna hiyo vikale, yaani wahusika ambao sura na tabia zao zimekwisha kutengenezwa tangu zamani, hata kila msimulizi anapowahitaji huwatoa kama mtu afyatuavyo matofali kwa kalibu moja. Katika hadithi za ajabu, zile zenye majini, mazimwi, wanyama wasemao na falme zisizokuwako, vikale ndio nguzo za nyumba. Mwaka 1928 Mrusi mmoja, Vladimir Propp, alionyesha kwamba hadithi za ajabu za kwao, ingawa ni nyingi, zinaendeshwa na wahusika wa aina 7 tu. Mwaka 1936 Lord Raglan wa Uingereza aliorodhesha alama 22 za maisha ya shujaa. Mwaka 1949 Joseph Campbell wa Marekani akaandika juu ya shujaa ambaye huondoka kwao, hupatwa na mashaka, kisha hurudi na baraka kwa watu wake. Maoni yao yamepingwa hapa na pale, lakini kwa jambo moja walisema kweli: hadithi za mataifa yaliyo mbalimbali hufanana kuliko tulivyodhani.

Swali letu leo si la darasani. Twauliza, je, kalibu hizi zinatutendea nini sisi tusio wa hadithini? Na ili tupate jibu, twawaomba wasomaji wetu, wa visiwani na wa maofisini, waandamane nasi mpaka Handeni na Korogwe katika Mkoa wa Tanga. Wazigua wa Handeni na Wasambaa wa Korogwe na milima iliyo juu yake wanamiliki kwa pamoja hadithi moja ya shujaa ambayo, kwa maoni yetu, yastahili kusimama mbele ya hadithi yoyote ya aina hiyo ulimwenguni.

Hadithi hiyo ni ya Mbega. Aliyeiandika kwa Kiswahili ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu aliyekaa miaka mingi Mazinde, katika wilaya ya Korogwe ya leo, akimtumikia Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilipigwa chapa kwa sehemu na wamisionari wa Magila, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1962 kikatolewa tena kikiwa kimehaririwa na J. W. T. Allen.

Mbega, yasema habari hiyo, alizaliwa Nguu, katika milima ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya Handeni, hata Wilaya ya Kilindi ilipomegwa mwaka 2002. Alipoota meno, yale ya juu yalitangulia. Maana yake alikuwa kigego. Desturi ya zamani katika makabila mengi ya huku ilikuwa kwamba kigego ni nuksi: akiachwa akue, jamaa zake watakufa mmoja baada ya mmoja. Kwa hiyo watoto wa namna hiyo waliuawa au walitupwa. Mbega alisalimika kwa sababu wazazi wake walikuwa watu wenye cheo na walimpenda. Lakini wazazi walipokufa, jamaa walimnyima urithi, wakamwambia kwamba yeye ndiye anayewamaliza watu.

Akatoka na mbwa wake na mikuki yake, akawa mwindaji wa nguruwe. Alifika Kilindi, akapendwa na mwana wa mkuu wa hapo, wakawa marafiki. Siku moja kijana huyo akauawa na nguruwe katika mawindo. Hapo Mbega akatambua kwamba ile hukumu aliyoikimbia Nguu imemfuata. Akakimbia tena pamoja na wenzake wachache. Mtu atokaye Kilindi kwenda Usambara hana budi kuuvuka mto Ruvu, ule tuuitao pia Pangani, unaopita Korogwe. Ng'ambo ya mto na juu ya milima aliwakuta Wasambaa wakiteswa na nguruwe mashambani. Akawaua nguruwe, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Akaamua magomvi yao kwa haki. Usiku mmoja, akiwa njiani kwenda Vugha, akamwua simba. Watu wakampa enzi na jina la Simba Mwene, na kizazi chake kikatawala Usambara kwa jina la Wakilindi.

Atakayeipima habari hiyo kwa alama za Lord Raglan ataona nyingi zikitimia: hatari ya utotoni, kufukuzwa, safari ya ugenini, kumshinda mnyama mkali, kuoa na kutawala. Na msomaji wa riwaya za Kiingereza atakumbuka kitabu cha J. R. R. Tolkien kilichotolewa mwaka 1954 na 1955, ambamo mrithi wa kiti cha enzi anaishi porini kama mtembezi asiye na kwao kabla hajatambuliwa. Vijana wetu wengi wanamjua Aragorn huyo kutokana na filamu. Ni wangapi wanaomjua Mbega?

Hata hivyo, tofauti kati ya wawili hao ni kubwa, na ndani yake ndimo ulimo ubora wa hadithi yetu. Aragorn alikuwa na haki ya ufalme tangu kuzaliwa; siri yake ilikuwa heri. Siri ya Mbega ilikuwa laana. Wasimulizi wa Nguu na Usambara walimchukua mtu ambaye jamii ilikwisha kumweka katika kalibu ya nuksi, ambaye kwa sheria zao wenyewe hakupasa kuishi, wakamfanya mfalme wa haki. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa kilichotoka mwaka 1974, ameonyesha jinsi hadithi hiyo inavyomtoa Mbega hatua kwa hatua kutoka porini na kumwingiza katika utaratibu wa watu. Sisi twaongeza neno moja. Kila mzee aliyeisimulia habari hii mbele ya vijana alikuwa akiwaambia, hata kama hakukusudia, kwamba yule mtoto mnayetaka kumtupa huenda akawa ndiye atakayewaamua.

Ndugu zetu wa visiwani watajibu kwamba nao wanaye wa kwao, na ni kweli. Edward Steere, mmisionari aliyekaa Unguja, alikusanya ngano za watu wa huko na kuzitoa mwaka 1870. Ndani yake imo ya Sultani Majinuni, ambaye paka wake aliachwa akala kuku, kisha mbuzi, kisha watu, hata akawa nunda. Aliyemwua nunda hakuwa mmoja wa wana wakubwa waliopendwa, bali ni mtoto wa mwisho aliyedharauliwa na baba yake. Kijana huyo na kigego wa Kilindi ni ndugu. Waliotunga ngano hizi, bara na visiwani, waliijua kalibu, na waliitumia ili waivunje mbele ya wasikilizaji.

Upo mfano mwingine kutoka Handeni, nao ni wa mwanamke. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, njaa na biashara ya watumwa viliwachukua Wazigua wengi kwa majahazi mpaka pwani ya Somalia, wakatumikishwa katika mashamba ya bonde la mto Shebeli. Masimulizi ya kizazi chao yasema kwamba kundi moja lilitoroka likitaka kurudi kwao kwa miguu, na aliyeliongoza ni mwanamke aitwaye Wanankhucha, mwenye kipaji cha kuona mambo yajayo. Hawakufika Uzigua. Walikomea mto Juba, wakakata misitu, wakalima, wakaishi huko wakiwa watu huru, na Kizigua hakikuwatoka. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wa watu hao walikimbilia Tanzania. Wakapokewa Mkuyu katika Handeni, baadaye wakahamishiwa Chogo, na wengi wao wakapewa uraia. Safari aliyoianza Wanankhucha ilikuwa imechukua zaidi ya karne moja na nusu.

Tumtazame vizuri mwanamke huyu. Ana elimu ya mambo yasiyoonekana, anasema na mizimu, anajua yatakayokuja. Mtungaji wa siku hizi akipewa mtu wa sifa hizo, atamfanya nini? Twajua jibu. Atamvika kaniki, atamtia macho mekundu, atamweka pangoni na fuvu mkononi, na katika sura ya mwisho atamchoma moto. Wajukuu wa watumwa wamemfanya kiongozi wa kuwatoa utumwani.

Hapa ndipo tunapofikia shauri letu na watungaji. Hadithi za ajabu zinaandikwa kwa wingi siku hizi, magazetini, vitabuni na katika simu za mkononi, na twafurahi. Lakini tukizisoma twakuta kalibu zile zile zikifyatua matofali yale yale. Kila mara mtungaji anapohitaji mganga, humtoa Handeni, na mganga huyo hana budi kuwa tapeli au mwuaji. Jina la wilaya nzima limegeuzwa kuwa kibandiko. Mtu aliyezaliwa Handeni akifika Dar es Salaam au Unguja huulizwa kwa mzaha kama amekuja na mkoba wa dawa, na aulizaye hajapata kuiona Handeni ila katika hadithi. Hasikii habari za wakulima wake wa mahindi, wala wafugaji wake, wala walimu wake.

Hatusemi kwamba waganga matapeli hawako. Wako, na sheria iwashike. Lakini mkoa huu huu una ushahidi mwingine. Katika miaka ya 1990, ugonjwa wa UKIMWI ulipokuwa hauna dawa ya kufikiwa na mtu wa kawaida, madaktari na waganga wa jadi wa Mkoa wa Tanga walishirikiana kuwahudumia wagonjwa, hawa wakitoa ujuzi wao wa mitishamba na wale wakitoa ujuzi wao wa hospitali. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya tiba ya asili na tiba mbadala, ili anayetibu kwa uaminifu aandikishwe na atambuliwe. Mganga wa namna hii, mwenye mashaka, mwenye ushindani na wenzake, mwenye kujua mpaka wa ujuzi wake, mbona hatumwoni katika hadithi? Je, si mhusika mwenye mvuto kuliko yule wa fuvu?

Huenda mtu akasema tunakuza jambo dogo, kwamba hadithi ni hadithi tu na msomaji ana akili. Laiti ingekuwa hivyo. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikavuka mpaka Unguja. Watu walilala nje makundi kwa makundi, wakikesha karibu na moto. Katika hofu hiyo, huko Unguja, mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliyetoka bara alishikwa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye Popobawa, akapigwa mpaka akafa. Waliomwua walikuwa na sura ya zimwi vichwani mwao kabla hawajamwona. Alipotokea mgeni asiyejua kujieleza, usiku, wakamtia katika sura hiyo, naye akaenea.

Huku bara hatuna la kujivunia. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi dalili iliyotajwa ni macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni katika jiko walilopikia watoto na wajukuu kwa miaka 50. Tangu mwaka 2007 nchi yetu ikafedheheka kwa mauaji ya watu wenye ulemavu wa ngozi, waliogeuzwa na uvumi kuwa viumbe wa ajabu wenye kuleta utajiri. Hatudai kwamba ngano ndiyo iliyoshika panga. Umaskini, tamaa na ugomvi wa mashamba vilikuwamo. Twasema tu kwamba mwenye panga alimkuta mtu wake amekwisha kuchorwa, na wachoraji ni wengi, na sisi wa magazeti tumo.

Basi je, tuache kutumia vikale? Haiwezekani, wala haifai. Hadithi ya ajabu bila shujaa, zimwi na mzee wa hekima ni mchuzi bila chumvi. Linalotakiwa ni kujua kuzitawala kalibu, na mwalimu wa kazi hiyo tunaye katika mkoa huu huu. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, wahusika wake hata majina yao ni kalibu tupu: yuko Adili, na ndugu zake ni Hasidi na Mwivu. Habari yenyewe ina asili katika masimulizi ya Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu wabaya waligeuzwa mbwa. Yeye akawafanya manyani. Twamkuta Adili akiwachapa manyani hao kila usiku kwa amri ya jini, kisha akiwalisha na kulia. Mtu mwema mwenye kiboko mkononi na machozi machoni! Hapo kalibu imepasuka. Msomaji hawezi tena kusema kwamba wema ni jambo jepesi, au kwamba mbaya hana ndugu wa kumlilia. Alichukua umbo la mbali, akalitia udongo wa kwao, na tofali likatoka na alama za vidole vyake.

Kwa hiyo tuna maombi matatu.

Kwa watungaji: rudini Handeni na Korogwe, si kwa kutafuta mganga, bali kwa kusikiliza. Kabla ya kumfyatua kigego, mchawi au mgeni mwingine, jiulizeni kama mtu wa namna hiyo aliye hai, akikisoma mlichokiandika, atakuwa salama kesho yake kijijini kwake.

Kwa wahusika wa Serikali, na neno hili wahusika twalitumia kwa maana yake ya ofisini: Habari za Wakilindi ifike katika maktaba ya kila shule ya sekondari ya Mkoa wa Tanga. Maofisa utamaduni wa Handeni, Kilindi na Korogwe wapewe vyombo vya kunasa sauti na mafuta ya pikipiki, ili masimulizi ya Kizigua na Kisambaa yahifadhiwe wakati wasimulizi wangali hai. Wananchi wa Chogo wasisahauliwe. Wana nusu ya pili ya hadithi ambayo nusu yake ya kwanza iko Handeni. Na visiwani, Baraza la Kiswahili la Zanzibar na vyuo vya huko vina njia tayari, maana walioanza kazi hii zaidi ya miaka 150 iliyopita waliianzia Unguja.

Kwa wazazi: simulieni. Lakini mnapofika kwa bibi kizee wa mwisho wa kijiji, mpeni jina. Semeni alikuwa mke wa nani, alizaa watoto wangapi, na moshi wa jiko lake ulipikia nani chakula. Hadithi haitapungua utamu kwa hayo, na mtoto atakapompita njiani kesho, yule mwenye macho mekundu, atamwamkia shikamoo, naye ataitikia marahaba.